Mtoto Akililia Radi, Apewe?

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Aghalabu methali hii husemwa na mzazi aliyekwisha kuchoka: amekataza mara tatu, amekataza mara nne, na sasa anaona heri mtoto ajikate apate kujua. Lakini iko mikato imfundishayo mtu, na iko mikato isiyomwacha mtu hai wa kufundishika. Jumapili ya leo tuzungumze juu ya wembe mmoja wa namna hiyo ya pili, ambao vijana wapenda ufundi huulilia sana. Jina lake ni koili ya Tesla.

Huenda wewe hujapata kulisikia jina hilo, ila mwanao amekwisha kukiona chombo chenyewe kwenye simu: mnara mwembamba uliozungushiwa waya wa shaba, juu yake pete nene ya alumini mfano wa tairi, na kutoka katika pete hiyo matawi ya umeme wa rangi ya zambarau yakiruka hewani kwa kishindo, mithili ya radi iliyofugwa. Kijana mwenye akili akiyaona hayo hulala akiyaota. Asubuhi huja kwako kuomba fedha za waya. Au, na hili ndilo baya zaidi, haji kabisa, bali huanza kuokota vifaa vichakavu na kuvifunga kimyakimya nyuma ya nyumba.

Utamjibu nini? Wako wazazi watakaosema, "Acha upuuzi huo, shika vitabu vyako." Wako watakaosema, "Haya, jaribu, mradi usinitie hasara." Majibu yote mawili yana kasoro, na tutaona sababu zake.

Ilikotoka

Chombo hiki kilibuniwa mwaka 1891 na Nikola Tesla, mzaliwa wa Smiljan, kijiji kilichomo leo katika nchi ya Kroatia, aliyehamia Marekani mwaka 1884. Tesla alikuwa akitafuta njia ya kupeleka umeme pasipo waya. Mwaka 1899 alijenga maabara huko Colorado Springs, akaunda ndani yake koili kubwa mno iliyotoa cheche za mita nyingi. Ndoto yake ya kusambaza umeme mwingi hewani haikutimia, naye alifariki New York mwaka 1943. Koili yenyewe ilibaki. Leo kazi yake kubwa ni kufundishia na kustaajabisha. Katika mji wa Belgrade, nchini Serbia, liko jumba la makumbusho lenye jina lake. Humo wageni hushikishwa taa za tyubu zisizoungwa na waya wowote, na koili inapowashwa taa hizo huwaka mikononi mwao.

Iko picha moja mashuhuri ya maabara ile ya Colorado Springs. Tesla ameketi kitini kwa utulivu, na juu yake cheche kubwa zinapasuka kila upande. Vijana wengi huichukua picha hiyo kuwa ushahidi kwamba umeme wa koili haumdhuru mtu. Kumbe picha ile ni mbili zilizopigwa juu ya bamba moja: cheche zilipigwa peke yake, na Tesla alipigwa koili ikiwa imezimwa. Mwenye koili mwenyewe hakukaa pale. Mwambie mwanao jambo hilo kabla hujamwambia lingine lolote.

Inavyofanya kazi

Ili mzazi aweze kutoa shauri lenye maana, yampasa ajue kidogo jinsi chombo kinavyokwenda. Mfikirie mtoto juu ya bembea. Ukimsukuma kidogo tu, lakini kila mara kwa wakati wake, bembea itapaa juu kuliko nguvu ya mkono wako kwa msukumo mmoja. Koili ya Tesla ni bembea ya umeme.

Umeme wa nyumbani, wenye volti 230, huingia kwanza katika transfoma. Wanaojenga koili kubwa huko Marekani na Ulaya kwa miaka mingi wametumia transfoma za mabango ya taa za neoni, ambazo hupandisha umeme hadi volti 15,000 hivi. Umeme huo hujaza kapasita, yaani kifaa kinachoweka akiba ya umeme. Akiba ikijaa, cheche huruka katika pengo dogo lililoachwa makusudi kati ya vipande viwili vya chuma, na umeme hukimbia huku na huko katika koili ya chini yenye mizunguko michache, mara laki kadhaa kwa kila sekunde. Pembeni yake husimama koili ya pili yenye mizunguko elfu moja hivi. Zikipatanishwa, koili ya pili hupokea kila msukumo kwa wakati wake, kama ile bembea, hata kileleni volti zikafika laki kadhaa. Hapo hewa hushindwa kuzizuia, na radi huruka.

Kinachoua hakina kishindo

Sasa sikiliza kwa makini, ndugu msomaji. Kila anayeitazama koili huogopa kilele chake, kwa kuwa ndiko kwenye mwanga na kelele. Kweli, kilele huunguza, na katika koili kubwa chaweza kuua. Lakini mwuaji mkubwa yuko chini, katika transfoma na kapasita, ambako hakuna mwanga wala kelele ya kumwonya mtu.

Transfoma moja ya kawaida ya mabango hutoa miliampea 30. Kiasi hicho chaonekana kidogo, lakini swichi za usalama za majumbani, zile zinazokata umeme unapovuja, nyingi zimetengenezwa zikate kwenye miliampea 30 hizo hizo, kwa sababu kupita hapo moyo wa binadamu umo hatarini. Wala usidhani kwamba swichi hiyo itamwokoa mwanao. Yenyewe hulinda waya za upande wa volti 230. Mtu akishika upande wa pili wa transfoma, swichi yaweza isijue kabisa kwamba mtu anakufa. Fyuzi nayo haitakatika, kwa maana mwili wa mtu hauvuti umeme wa kutosha kuikata.

Nayo kapasita hukaa na akiba yake hata baada ya plagi kuchomolewa. Kijana huzima, huona kila kitu kimetulia, hunyoosha mkono kurekebisha waya, na akiba yote humwingia.

Lililo hatari kuliko yote ni transfoma inayotolewa katika jiko bovu la maikrowevu. Vijana huipenda kwa kuwa hupatikana kwa bei ndogo au bure kabisa kwa mafundi. Hiyo hutoa volti 2,000 hivi, lakini kwa nguvu ya nusu ampea na zaidi, yaani mara nyingi kuliko ile ya mabango. Huko Marekani watu kadhaa wamekufa kwa kuitumia transfoma hiyo kuchoma michoro ya matawi juu ya mbao, na chama cha wakereza mbao cha nchi hiyo kimepiga marufuku mchezo huo katika mikutano yake. Waliokufa si watoto peke yao. Wamo watu wazima waliozoea vyombo vya umeme. Katika jambo hili usiwe na huruma: transfoma ya maikrowevu isiingie mikononi mwa kijana wako hata siku moja.

Iko pia imani potofu inayosema kwamba umeme wa mitetemo mingi hupita juu ya ngozi tu na hauingii mwilini. Si kweli. Katika nyama ya mtu umeme wa koili huingia ndani kabisa. Ila mishipa ya fahamu haiwahi kuihisi mitetemo ya upesi namna hiyo, basi mtu huungua ndani pasipo kusikia maumivu kwa wakati. Kutosikia maumivu si salama. Ni kunyimwa onyo.

Basi apewe nini?

Baada ya hayo yote waweza kusema, "Nitakataza, na yamekwisha." La, ndugu yangu. Kijana anayetaka kujua umeme unarukaje hana kosa, na nchi yoyote huhitaji watu wa namna yake. Ukimkataza bila kumpa kingine, utakuwa umemfunza kujificha, na hatari yote tuliyoitaja hukomaa mafichoni. Asipewe wembe, wala asifukuzwe. Apewe chombo kinacholingana na umri wake, nawe ukae karibu.

Chombo hicho kipo. Iko koili ndogo inayoendeshwa na betri ya volti 9, isiyogusa kabisa umeme wa ukutani. Vifaa vyake ni hivi: transista moja ndogo ya namna ya 2N2222, rezista moja ya kilo-omu 22, kitaa kimoja kidogo cha LED, kipande cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha milimita 25, na waya mwembamba wa shaba uliopakwa vanishi. Waya huo hupatikana kwa mafundi wanaosuka upya mota na pampu. Kwa waya wa milimita 0.2, mizunguko 300 itachukua kama sentimita 6 za bomba, na waya wote utakuwa na urefu wa mita 24 hivi. Mizunguko ikae ubavu kwa ubavu bila kupandana, na kazi hiyo yataka subira ya jioni nzima.

Ncha ya juu ya waya huo huachwa huru. Ya chini huungwa kwenye mguu wa kati wa fikra wa transista, uitwao besi. Rezista huunganisha besi na upande chanya wa betri. Kitaa cha LED huunganisha besi na upande hasi, mguu wake hasi ukielekea besi. Mguu wa transista uitwao emita huenda upande hasi wa betri. Kisha waya mnene wenye ganda la plastiki huzungushwa mara tatu kuzunguka chini ya bomba, ncha moja ikienda upande chanya wa betri na ya pili kwenye mguu uitwao kolekta. Ukisogeza taa ndogo ya tyubu karibu, itawaka bila kuungwa popote. Isipowaka, badilisha ncha mbili za ule waya mnene. Mara nyingi kosa huwa ni hapo. Transista hupata moto, basi isiachwe ikiwaka muda mrefu, na taa isivunjwe, kwa kuwa ndani yake mna zebaki.

Kama wapendelea kununua, zinauzwa koili ndogo za kuunganisha zinazotumia volti 12 hadi 24 kutoka katika adapta. Chagua za namna hiyo, wala usinunue inayochomekwa moja kwa moja ukutani. Hata hizo ndogo huunguza kidole kikigusa cheche, huharibu simu iliyowekwa karibu, na hukoroga sauti ya redio ya jirani. Mtu aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asikaribie koili yoyote.

Na ile kubwa?

Siku moja kijana atakua, na ile ndogo haitamtosha. Hapo koili kubwa isijengwe katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja na familia nne, chini ya paa la bati, watoto wakipita. Mahali pake ni karakana ya shule au ya chuo, penye mwalimu au fundi wa umeme aliyesomea kazi hiyo. Pawe na nguzo yake maalumu ya kuingiza umeme ardhini, mbali na waya wa ardhi wa nyumba. Kapasita zifungwe rezista za kumwaga akiba. Swichi kuu iwe mbali na chombo, na mkono uliokaribia swichi hiyo uwe wa mtu wa pili ambaye hana kazi nyingine. Mtu asiwashe peke yake. Mlango uwe wazi hewa ipite, maana cheche huzalisha gesi ya ozoni ambayo hudhuru mapafu.

Jambo la mwisho liwahusu wote nyumbani, wenye koili na wasio nayo. Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kata umeme kwanza, kwenye swichi kuu au kwenye plagi. Umeme ukiwa umekatika na mtu hapumui, mwingine akimbilie msaada huku wewe ukimsukuma kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike. Wafundishe watoto hatua hizi leo, kabla ya chakula cha mchana.

Kisha mwite yule mwenye ndoto za radi, umwulize ameona nini kwenye simu yake, na mwende pamoja kwa fundi wa mota mkanunue waya.