Kwa Vijana wa Mpira na Wazee Wao

Si haba vijana wa zama hizi wanaoambiwa, tena na wazee wao wenyewe, ya kuwa aliyejaliwa kipaji cha mchezo hana haja ya kalamu. Nami naona ni wajibu kuipinga kauli hiyo kwa habari za Mmarekani mmoja, William Clarence Matthews, mzaliwa wa Selma, Alabama, mwaka 1877, ambaye mchezo wake ulikuwa besiboli.

Matthews alisoma Tuskegee, katika chuo cha Booker T. Washington, hatimaye akaingia Harvard, na huko akasifika kwa udakaji na upigaji hata akahesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo. Lakini alikuwa mtu mweusi, na mwaka 1905, alipojiunga na timu ya Burlington katika jimbo la Vermont, alikuwa mweusi pekee katika ligi ya Wazungu ya kulipwa. Msimu ule mmoja wa kiangazi ulipokwisha, kazi yake ya mpira nayo ikaisha, kwa kuwa ligi kuu za karne ile hazikumpokea mweusi yeyote hadi Jackie Robinson mwaka 1947.

Dhulma hiyo, enyi vijana, ilimkuta amekwisha kusoma. Aliingia skuli ya sheria ya Chuo Kikuu cha Boston, akijikimu kwa kufundisha michezo mashuleni, na mwaka 1908 akafaulu mtihani wa uwakili. Baadaye akatumikia ofisi ya mwanasheria wa serikali mjini Boston, akawa mshauri wa sheria wa jumuiya ya mtetezi wa watu weusi, Marcus Garvey, na baada ya uchaguzi wa 1924, aliomfanyia kampeni Rais Calvin Coolidge, akapewa cheo katika Wizara ya Sheria.

Atasema mtu: yeye alizuiwa kwa rangi yake, vijana wetu hawazuiwi. Ni kweli, lakini goti likivunjika halimuulizi mtu rangi, na umri haumsamehe yeyote. Tena wangapi hutia saini mikataba wasiyoweza kuisoma, wakaja kuililia baadaye? Kwa hiyo nawasihi viongozi wa vilabu, kwa heshima zote, mchezaji aliye mwanafunzi apewe ruhusa siku za mtihani hata kama kuna mechi, na mkataba wake usomwe mbele ya mzazi na wakili kabla hajashika kalamu.