Mchuma wa Homemade: Inaeza Kukumaliza Kabla Karao Wafike

Kama unafuata DCI kwa X, hiyo picha unaijua. Meza, panga, simu kadhaa, risasi mbili tatu, na hapo katikati mchuma wa homemade. Ikitokea Githurai 45 ama Kayole, stori huwa ile ile. Wasee wanacheka ati hiyo ni paipu ya sinki, wengine wanasema fundi ako na talanta.

Lakini kuna swali watu huruka. Hiyo kitu ikifyatuliwa, nani ako kwa hatari ya kwanza? Ni yule ameishika.

Presha si ya mchezo

Risasi si jiwe ya feya. Pini ikigonga nyuma ya ganda, baruti inawaka na gesi inajaa kwa nafasi ndogo kuliko kidole chako. Risasi ya 9mm, ile ya bastola za kawaida, hufika karibu PSI 35,000. Tairi ya mat ya 45 haikaribii hiyo presha hata kidogo, na unajua vile ikipasuka Thika Road watu hulala chini.

Sasa chukua bomba iliundwa ipitishe maji, ichomelewe juakali, alafu ubebeshe hiyo mzigo. Fundi anaeza kuwa mnoma wa mageti, lakini geti haijawahi kubeba presha kama hiyo. Bomba nyingi ziko na mshono, na mshono ndio huachilia kwanza. Gesi haina adabu, inatafuta tu njia rahisi. Ikitokea nyuma, inakuja kwa macho. Ikitokea kando, inaenda na vidole.

Hata ya kiwanda hulipuka

Usidhani ukipata "original" uko safe. Mambo matatu huipasua:

- Mtutu kuzibwa. Matope imeingia, ama risasi ya kwanza ilikuwa dhaifu ikakwama ndani. Msee anaskia "pap" kidogo badala ya mlio, anafinya tena. Ya pili inapata njia imefungwa, na mtutu unafura ama unapasuka.
- Risasi si saizi yake. Imeingia, ndio, lakini kuingia si kutoshana.
- Uzee na kutu. Bunduki haramu hupitia mikono mingi, zingine zimezikwa kwa mchanga. Serikali ilichoma 5,250 huko Ngong Novemba 2016, na 5,144 zingine Juni 2021. Zenye zilibaki mtaani hazina rekodi ya service. Hujui nani alizishika wala alizifanyia nini.

Na kopo la teargas?

Hii inatugusa hata sisi hatujawahi kushika mchuma. Tangu Juni 2024, kila mtu wa 45 anajua harufu ya teargas, na tumeona vijana wakiokota kopo ndio warudishie karao. Julai 2024, wakati wa maandamano huko Kajiado, afisa wa polisi alipoteza mikono yote miwili baada ya kopo la teargas kumlipukia. Huyo ni mtu amefunzwa hiyo kazi, na alikuwa amepewa hiyo kopo na serikali. Wewe umeipata chini, hujui imebakisha sekunde ngapi. Kopo yenye haijalipuka si kopo imekufa. Wachana nayo.

Sheria haicheki na paipu

Kuna wale hufikiri homemade ni kesi ndogo. Zii. Firearms Act inahesabu silaha yoyote ya kuua yenye mtutu inayoeza kutoa risasi. Haijali imetoka kiwanda ya Ulaya ama nyuma ya kibanda. Ukiiba nayo, hiyo ni wizi wa mabavu, na kwa vitabu adhabu yake bado ni kifo. Mtaani nako hakuna mtu husubiri vitabu. Karao akiona mtutu hataulizia kama ni paipu, na umati ukikushika hautapima PSI.

Ikikulipukia, shida haijaisha. Mkono umepasuka, damu inamwagika, na hosi unaogopa ju ya karao. Wengine hufunga kitambaa wakalala kwa keja hadi kidonda kinaoza. Kama ni beste yako, finya hapo damu inatoka na kitambaa safi, usiachilie, mpeleke hosi. Kesi inaeza kupata wakili. Damu ikiisha hakuna wakili.

Jambo la mwisho. Mara nyingi huu mchuma hukodishwa, na mwenye anakodisha harudi nao kwa job. Anapatia mtoi wa miaka 17, anangoja mgao akiwa keja. Mtoi anafikiri ameaminiwa. Ukweli ni kwamba huyo jamaa anajua ile paipu vizuri kuliko wewe, na ndio maana hataki kuishika.