Umati wa Stesheni Una Mwelekeo

Kila unapokaribia Mwaka Mpya wa Kichina, mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko China hupewa na waliomtangulia ushauri uleule: usithubutu kupanda treni. Nunua mchele wa kutosha, tulia bwenini, ngoja Wachina waende makwao na warudi. Ukibanwa sana, panda ndege. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, lakini umepitwa na wakati, na unawanyima vijana wetu safari ambayo wangeikumbuka maisha yao yote.

Hofu hiyo haikuzuka hivihivi. Mwanzoni mwa 2008, theluji na barafu vilizuia treni kusini na katikati ya China, na mamia ya maelfu ya abiria wakakwama katika stesheni ya Guangzhou. Enzi hizo watu walikesha kwenye foleni ya tiketi, na walanguzi walijipatia riziki mlangoni. Ila mwaka huohuo ndipo treni ya mwendokasi kati ya Beijing na Tianjin ilipoanza kazi. Kufikia mwisho wa 2023 reli za aina hiyo zilikuwa zimezidi kilomita 45,000, na tiketi sasa hukatwa kwa simu, kwa jina na namba ya pasipoti ya msafiri mwenyewe.

Mtaniambia watu bado ni wengi. Ni kweli: katika siku 40 za msimu wa safari za sikukuu wa 2024, treni zilibeba abiria zaidi ya milioni 480. Lakini wanaotutisha kwa hesabu hiyo hawaulizi abiria hao wanaelekea wapi. Kabla ya sikukuu wanatoka Guangzhou, Shenzhen, Shanghai na Beijing kwenda Sichuan, Henan, Hunan na kwingineko bara. Baada ya sikukuu wanarudi kazini. Ni yaleyale ya Desemba kwetu: basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi limejaa pomoni, linalogeuza lina viti vitupu. Anayesoma Chengdu, huko Sichuan, akitaka kwenda Guangzhou wiki moja kabla ya sikukuu anapishana na umati, habanani nao. Wazee wengi wa Kichina wameshaling'amua hilo. Badala ya kuwasubiri watoto kijijini, wanawafuata mjini, na baadhi ya treni za upande huo hupunguzwa nauli. Tena usiku wa mkesha na siku ya kwanza ya mwaka wengi wameshafika nyumbani, na nafasi hupatikana.

Kuhusu ndege sina mengi ya kusema. Bei zake hupaa msimu huo, ilhali treni za kawaida, zile za mwendo wa polepole, ziliacha kupandisha nauli za sikukuu tangu 2007.

Na ni hizo za polepole ninazozitetea hasa. Katika behewa la vitanda vya bei nafuu, vitanda sita hupangwa vitatu-vitatu pande mbili, bila mlango. Mchana kitanda cha chini huwa benchi la wote, hata la mgeni. Mwisho wa behewa kuna bomba la maji ya moto, na watu hupanga mstari na vikopo vya tambi mkononi. Katika mabehewa ya viti utawaona vibarua wa ujenzi waliobeba mizigo katika ndoo za plastiki zilizokuwa na rangi ya kupaka. Asiye na kiti huifunika ndoo yake na kuikalia. Mtu amefanya kazi mwaka mzima mbali na wanawe, na zawadi zao zimo katika ndoo hiyo. Mwanafunzi anaweza kumaliza shahada nzima China asikae hata saa moja na watu hawa, kwa sababu tu aliambiwa wanatisha. Hilo ndilo linaloniuma.

Anayetaka kusafiri aangalie kwanza mwelekeo, kisha aingie kwenye programu ya tiketi siku ile ile mauzo yanapofunguliwa. Tiketi zikiisha, ajiandikishe kusubiri, wanaoghairi hawakosekani. Ushauri wa zamani nauafiki mahali pamoja tu: ukiwa na mtoto mdogo, unatoka Guangzhou kwenda Sichuan siku chache kabla ya sikukuu, na iliyobaki ni tiketi ya kusimama, baki ulipo.