Mtihani Mgumu ni wa Kidato cha Pili

Kila ufikapo mwezi wa Novemba, wauza vitabu wa Kariakoo na Mnazi Mmoja hutandika turubai kandokando ya barabara na kupanga makusanyo ya mitihani iliyopita. Wanafunzi wenye sare huinama wakachagua, wazazi wakatoa fedha. Makusanyo yanayotafutwa zaidi ni ya Kidato cha Nne. Ya Kidato cha Pili huulizwa na wachache, kwa kuwa wengi wameuzoea mtihani huo kuwa ni jaribio tu la njiani.

Imani hiyo ina chanzo chake. Watu huiona mitihani ya sekondari kuwa ni ngazi ambayo kila kidaraja chake kimezidi kile cha chini kwa ugumu. Ukitazama karatasi peke yake, ndivyo ilivyo. Mtahiniwa wa Kidato cha Nne hupimwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, na humpasa kukumbuka mambo ya miaka minne. Yule wa Kidato cha Sita ana masomo matatu ya tahasusi yake, lakini huchimba kila somo hadi chini kabisa. Mwanafunzi wa Fizikia, Kemia na Bayolojia hatapona kwa kukariri.

Lakini ugumu wa mtihani haumo katika karatasi peke yake. Umo pia katika umbali uliopo kati ya karatasi hiyo na mtoto anayeijibu, na umbali huo hauwi mkubwa popote kama katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Serikali amejifunza sayansi kwa Kiswahili. Neno usanisinuru analijua, na anaweza kueleza jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Januari aingiapo Kidato cha Kwanza, jani ni lilelile na jua ni lilelile, ila maneno yote yamebadilika. Hupewa majuma machache ya kuzoea Kiingereza, kisha mwalimu wa Historia, wa Jiografia na wa Kemia huendelea mbele kama kwamba lugha imekwisha kujulikana. Baada ya miezi ishirini na miwili hivi huketishwa mbele ya mtihani wa Taifa. Kwa hakika hapo hufanya mitihani miwili kwa wakati mmoja, wa somo na wa lugha, na ule wa pili hauandikwi katika ratiba.

Wapo watakaojibu kwa takwimu. Watasema kuwa miaka ya karibuni zaidi ya asilimia 95 ya watahiniwa wa Kidato cha Sita hushinda, kwa hiyo labda huo ndio mwepesi kuliko yote! Hesabu hiyo yahitaji uangalifu. Waliofika Kidato cha Sita wamekwisha kuchekechwa mara tatu, na wale ambao lugha iliwashinda hawamo tena katika hesabu.

Yaliyotokea mwaka 2012 yafaa yakumbukwe na kila ofisa wa elimu. Mwaka 2008 Serikali iliondoa sharti la kurudia darasa kwa wanaoshindwa mtihani wa Kidato cha Pili. Kundi lililovuka Kidato cha Pili mwaka 2010 bila sharti hilo ndilo lililofanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Mwezi Mei yalifutwa na kupangwa upya, na hata hivyo walioshinda hawakufika nusu. Sababu zilikuwa nyingi, na upungufu wa walimu katika shule za kata haukuwa mdogo miongoni mwazo. Lakini haifai kusema kwamba vijana hao walianguka Novemba 2012. Wengi walikuwa wamekwisha kuanguka miaka miwili kabla, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia.

Wala si kwamba Taifa halikuonywa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi nchini wakaona kuwa takribani mmoja tu katika kila kumi wa Kidato cha Nne ndiye aliyefikia kiwango kifaacho kuanzia masomo kwa lugha hiyo. Kiwango cha kuanzia, na wao walikuwa wanamaliza!

Mjadala wa lugha hautamalizwa na walimu wa shule moja. Lipo, hata hivyo, jambo lililo mikononi mwao. Katika shule nyingi mwalimu mwenye uzoefu hupangiwa Kidato cha Nne, kwa sababu matokeo ya huko ndiyo yanayompandisha au kumshusha mkuu wa shule. Mwalimu aliyeajiriwa juzi, au anayejitolea, hupelekwa Kidato cha Kwanza, mahali penye wanafunzi wengi kuliko pote na lugha ngeni kuliko pote. Katika mtaa mmoja wa Gerezani mtoto aliyelipiwa shule ya msingi ya Kiingereza hataona tofauti kubwa. Jirani yake, mtoto wa mchukuzi wa mizigo sokoni, hana mwingine wa kumvusha isipokuwa mwalimu huyo.

Maofisa elimu wangeweza kuanza na jambo dogo: wamwulizapo mkuu wa shule juu ya wastani wa Kidato cha Nne, wamwombe pia ratiba ya vipindi, waone ni nani anayefundisha Kidato cha Kwanza, na ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingapi.