Permi mkononi, kazi hakuna: kijana shofa asiuzwe

Vijana wengi wa Musumba na wa Kapanga nzima wanashuka Kolwezi na permi mpya mfukoni. Jamaa imeuza mbuzi na mihogo ili mtoto alipiwe masomo ya kuendesha makamyo. Akifika mlangoni pa kampuni, jibu ni moja: kwanza uzoefu wa miaka.

Uzoefu huo ataupata wapi? Hauuzwi sokoni. Mtu hajifunzi kuogelea akiwa amekatazwa kugusa maji.

Mlango wa mbele ukifungwa, wa nyuma unafunguka. Anatokea komisioneri anayedai franga, au tajiri wa kamyo anayesema kijana aanze kwa majaribio bila mshahara. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili, wa tatu. Kijana anaosha kamyo, analinda mzigo usiku, anabadilisha magurudumu, halafu anaambiwa hafai. Kesho yake mwingine anaingia pahali pake, naye bure. Hayo si majaribio. Ni wizi wa jasho.

Sheria iko wazi. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaagiza majaribio yaandikwe, na kwa mtu mwenye ufundi hayawezi kupita miezi 6. Anayejaribiwa ni mfanyakazi, kwa hiyo analipwa. Siku ya kazi ni masaa 9, juma ni masaa 45. Na pasipo karatasi, mkataba unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vingine.

Wenye makamyo wana jibu lao: kamyo ni bei kali, mgeni wa usukani ataiangusha. Ni kweli. Lakini hao hao wakikosa shofa wa zamani, wanampa kijana kamyo yenye mzigo mzima, usiku, peke yake, kwenye barabara ya Kolwezi, Likasi mpaka Kasumbalesa. Uzoefu unaodaiwa wakati wa kuajiri unasahauliwa mzigo ukichelewa.

Barabara hiyo haisamehe. Februari 2019, karibu na Tenke, kamyo iliyobeba asidi ya migodi iligongana na basi. Watu karibu 20 walikufa, wengine wakaungua. Asidi, shaba na kobalti vinapita kila siku mbele ya masoko na shule. Hatari si ya shofa peke yake, ni ya kila mama anayeuza kando ya barabara.

Familia zilizoondolewa katika mitaa ya Kolwezi kwa sababu ya migodi, na zile zilizokimbia makwao, zinaumia mara mbili. Mtoto wao hana mjomba ofisini, na karatasi zingine zimebaki nyuma. Ndiye anayekubali wa kwanza kazi isiyo na mkataba.

Mwaka 2021, shirika la RAID la Uingereza na CAJJ la Kolwezi yalionyesha kwamba katika migodi mikubwa 5 ya huku, zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia kampuni za katikati. Hapo ndipo jukumu linapopotea: mgodi unasema shofa si wake, kampuni ya katikati inasema mgodi haujalipa.

Dawa haina siri. Shofa mpya apande na shofa wa zamani majuma ya kwanza, mchana kabla ya usiku, kamyo tupu kabla ya mzigo. Afundishwe kufunga mzigo, kukagua breki, kupanga karatasi za mpakani. Alipwe tangu siku ya kwanza. Mgodi unaomrudisha mtu mlangoni kwa kukosa kofia na viatu unaweza pia kurudisha kamyo ambayo shofa wake hana mkataba. Na inspekta wa kazi atoke ofisini, akae siku moja kwenye foleni ya makamyo, amwulize kila kijana: karatasi yako iko wapi?

Vijana nao wasinunue kazi kwa komisioneri. Waandike kwenye daftari siku ya kuanza, namba ya kamyo na kila safari, maana siku ya mashtaka daftari hilo litasema. Na wazazi wasimsukume mtoto kupanda kamyo isiyo na breki kwa kuogopa atafukuzwa. Kazi nyingine itatafutwa. Mtoto mwingine hatatafutwa.