Vale Tudo: Raquel hakumlea Fátima vibaya

Mama anaelewa ghafla kwamba nyumba anamolala imekwisha kuuzwa. Aliyeiuza ni mtoto wake mwenyewe wa kike, na mtoto huyo amekwisha kuondoka na makuta yote. Hivyo ndivyo inavyoanza Vale Tudo, telenovela ya Brazil ambayo televisheni ya Globo ilionyesha kutoka Mei 1988 hadi Januari 1989, kisha ikaitengeneza upya mwaka 2025 na wachezaji wengine.

Mama anaitwa Raquel, mtoto ni Maria de Fátima. Tangu 1988 watu wanabishana juu yao, na wakaaji wa Goma, Bukavu au Bunia waliozoea telenovela za Brazil zenye kutafsiriwa kwa Kifaransa wanajua vema namna ubishi wa aina hii unavyokwenda. Mtoto akimkosea mama, swali la kwanza ni: alimlea namna gani? Alimwendekeza? Alikosa kumchapa? Baba alikuwa wapi? Kabla ya mwizi kuhukumiwa, mwenye kuibiwa amekwisha kupewa kosa.

Vale Tudo haikubali njia hiyo, na hapo ndipo penye nguvu yake. Raquel si mlevi, si mvivu, hakumtupa mtoto wake. Anaishi Foz do Iguaçu, mji wa mpaka ambapo Brazil inakutana na Paraguay na Argentina, na anafanya kazi ya kuongoza watalii. Baba yake, Salvador, ni mtumishi wa dwane mwenye kukataa rushwa. Mtu wa Uvira au wa Birere haitaji kuelezwa maana ya kuwa mtumishi wa dwane mpakani na kubaki maskini. Katika nyumba hiyo Fátima alifundishwa mema kila siku, tena kwa mfano. Tatizo ni kwamba aliutazama mfano huo akauhesabu, akaona haulipi.

Lazima kumtendea Fátima haki hapa. Brazil ya 1988 ilikuwa nchi ambamo bei zilipanda bila kusimama na mishahara ilioza mikononi mwa watu, kama walivyoona Wakongomani wakati wa Zaire miaka michache baadaye. Watu wazima waliona wajanja wakipanda na wanyofu wakibaki chini. Waandishi Gilberto Braga, Aguinaldo Silva na Leonor Bassères waliifanya nchi nzima ijiulize kama inafaa kuwa mtu mwaminifu, na wakaliweka swali hilo ndani ya nyumba ya mama na mtoto. Woga wa Fátima juu ya umaskini ni wa kweli. Haoni haya kwa sababu mama yake ni mbaya. Anaona haya kwa sababu mama yake hana kitu.

Wizi wenyewe ulikuwa mwepesi kwa sababu moja: karatasi. Babu aliandikisha nyumba kwa jina la mjukuu. Alipokufa, Fátima hakuhitaji kughushi chochote, alitia sahihi tu na kwenda Rio de Janeiro. Huko kwetu pia, mwenye jina kwenye certificat d'enregistrement ndiye mwenye neno, na sheria ya ardhi ya 1973 inasema kwamba miaka miwili ikipita, karatasi hiyo ni vigumu sana kuipinga. Akina mama wangapi wanaishi katika parseli ambayo jina lao haliko popote? Wanategemea upendo peke yake, na upendo haupelekwi kwa conservateur.

Raquel anamfuata mtoto Rio. Hana nyumba wala makuta, anaanza kuuza sandwichi ufukweni. Polepole anapanda hadi kuwa na kampuni yake ya chakula, Paladar. Wakati huo Fátima anashirikiana na César, kijana mwenye tamaa kama yeye, na kutega mtego ili aolewe na Afonso, mtoto wa familia ya Roitman yenye kampuni kubwa ya ndege. Baadaye anazaa mtoto wa César na kumfanya Afonso aamini ni wake.

Ili hesabu yake itimie, Fátima anahitaji mama mwingine, na anampata: Odete Roitman, mama yake Afonso. Odete ni tajiri, anadharau nchi yake, anaishi Ulaya na kurudi Brazil kutoa amri. Fátima anamtazama kwa macho ambayo hakumtazamia Raquel hata siku moja. Ila Odete ana mtoto wake wa kike, Heleninha, na yeyote mwenye kusema kwamba kila ubaya wa mtoto unatoka kwenye malezi angepaswa kumwangalia huyo kwanza.

Heleninha ni mchoraji, na ni mlevi. Kwa miaka anaamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari siku ile ajali ilipomuua ndugu yake Leonardo. Anakunywa ili asahau. Mwishoni inajulikana kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni Odete. Mama alijua, akanyamaza, akamwacha mtoto abebe maiti ya ndugu yake kichwani. Alimlipia waganga na kila kitu kinachonunuliwa, lakini sentensi moja ya ukweli ilimshinda. Hata hivyo Heleninha, mwenye mama wa namna hii, hamwibii mtu. Anajiharibu yeye mwenyewe. Wakati huo huo mtoto wa Raquel mnyofu anaharibu wengine. Malezi yana uzito, hakuna mwenye kukataa. Lakini telenovela hii inaonyesha kwamba kati ya malezi na tendo kuna mtu mzima mwenye kuchagua.

Ndiyo maana tukio la nguo ya ndoa linakumbukwa kuliko mengine yote. Kabla Fátima hajaolewa na Afonso, Raquel anaenda kwake na kuipasua nguo ile kwa mikono yake. Wako wenye kuona kwamba pale Raquel alivuka mpaka, kwamba mama ni mama, anameza na kuomba. Hao hao hawakumwambia Fátima kwamba mtoto ni mtoto. Huko kwetu mzigo huo tunaujua: mama akiibiwa au akitukanwa na mtoto wake, jamaa inakuja jioni kumwomba yeye asamehe, mtoto hata hajaulizwa. Hasira ya Raquel haikuanzia kwenye ile nguo. Ilianzia siku aliyobaki bila nyumba, na alikuwa na haki nayo.

Toleo la 2025, lililoandikwa na Manuela Dias, liliwapa Taís Araújo na Bella Campos nafasi za Raquel na Fátima, wote wawili wanawake weusi. Ni badiliko zito: katika Brazil, haya ya Fátima juu ya mama yake inachukua rangi nyingine. Lakini katikati ya hadithi Raquel anapoteza biashara yake na kurudishwa ufukweni kuuza sandwichi. Taís Araújo alisema hadharani kwamba hakufurahia, alitaka kuona mwanamke mweusi akipanda bila kurudishwa chini. Alikuwa na haki. Raquel wa 1988 alimjibu mtoto wake kwa kazi kuliko kwa maneno. Ukimnyang'anya kazi ile, umempa Fátima hoja.

Mwisho wa toleo la kwanza uliwakasirisha wengi. Odete anapigwa risasi na Leila, ambaye kwa kweli alitaka kumuua Fátima. Fátima anaokoka, hafungwi, halii magotini mbele ya mama yake. Anaolewa na mwana wa mfalme kutoka Italia, kwa mapatano, huku César akiwa pembeni. Raquel anaendelea na maisha yake Rio, na kampuni yake, bila kungojea mtu abishe mlangoni.