Kalori za Baiskeli Zisigeuzwe Daftari la Madeni

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu anayeshauriwa kuendesha baiskeli aghalabu hutaka kujua jambo moja: amechoma kalori ngapi? Saa ya mkononi humjibu papo hapo, simu humjibu, na baiskeli ya mazoezi humjibu kwa tarakimu zinazong'aa. Majibu hayo matatu hayalingani, na ni tabia ya binadamu kuchukua lililo kubwa kuliko yote. Akifika nyumbani, hulila.

Makadirio mengi huanzia kwenye kizio kiitwacho MET, yaani nishati anayotumia mtu aliyeketi kimya: takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. (Kinachoitwa "kalori" kwenye saa hizo ni kilokalori.) Orodha ya gharama za shughuli za mwili, iliyochapishwa Marekani mwaka 1993 na kurekebishwa mara kadhaa, huipa baiskeli ya mwendo wa chini ya kilomita 16 kwa saa MET 4, na ile ya kilomita 19 hadi 22 MET 8. Kwa hiyo mtu wa kilo 70 anayekwenda polepole kwa nusu saa hukadiriwa kutumia kilokalori 140. Lakini 35 kati ya hizo angezitumia hata kama angebaki barazani akizungumza na jirani. Zinazobaki ni 105. Soda moja yenye gramu 30 za sukari hubeba 120.

Waandaaji wa orodha hiyo wenyewe walieleza kwamba haikukusudiwa kumpimia kwa usahihi mtu mmoja mmoja. Onyo hilo halionekani kwenye kioo cha saa. Zaidi ya hayo, kuzidisha kwa uzito kunafaa zaidi kwa anayetembea, kwa kuwa hubeba mwili wake kila hatua. Mwendesha baiskeli amekalia kiti. Kwenye barabara tambarare hushindana zaidi na upepo na msuguano wa magurudumu, na kwenye baiskeli isiyosogea hushindana na ugumu wa pedali tu. Hivyo hesabu hiyo humpendelea kupita kiasi mtu mnene, ambaye ndiye hasa kliniki inataka apate picha ya kweli.

Saa hazijatibu kasoro hiyo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu saa za aina saba kwa watu 60, wakitembea, wakikimbia na wakiendesha baiskeli ya mazoezi. Aina sita zilipima mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5. Upande wa nishati, hata ile iliyofanya vizuri zaidi ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho kwa asilimia 93. Tena kuna wagonjwa wanaotumia atenololi au dawa za kundi lake: moyo wao umepunguzwa kasi na dawa, na saa inayokisia nishati kwa mapigo itawaona wavivu ilhali wanatoka jasho.

Kipimo kinachostahili kuaminiwa zaidi ni wati, pale idara ya tiba ya viungo inapokuwa na baiskeli inayopima nguvu. Mtu akikanyaga kwa wati 50 kwa nusu saa hufanya kazi ya kilojuli 90. Kwa kuwa misuli hugeuza robo au hata moja ya tano tu ya nishati kuwa kazi, na nyingine huwa joto, mwili hutumia takribani kilokalori 86 hadi 108. Hapa uzito hauhitajiki katika hesabu, na mhudumu aandike kadirio kama masafa, si tarakimu moja yenye kujifanya kamili.

Kosa la hesabu si la kitaaluma tu. Anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari njiani au saa kadhaa baadaye, na saa haimwambii hilo. Anahitaji kupima sukari kabla ya kupanda, kubeba kitu kitamu mfukoni, na kujadiliana na daktari kuhusu dozi. Mhudumu mwenye dakika tano za ushauri azitumie hapo. Kalori ziwe za mwisho, na dakika ziwe za kwanza: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Wastani ni mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Ipo pia hali ambayo orodha haiipi nafasi ya kutosha. Mchukuzi wa mkaa anayesukuma gunia mbili kwenye barabara ya mchanga, au kijana anayebeba abiria kwa baiskeli kutwa nzima, huandikiwa "afanye mazoezi" na mtu ambaye hakumuuliza anafanya kazi gani. Uzito wa mzigo, mlima na mchanga haumo katika ile MET 4. Mgonjwa wa namna hii huenda anahitaji chakula zaidi, maji zaidi na siku ya kupumzika, na kadi yake ya kliniki ina nafasi ya kuandika kazi yake.